Wauza unga wa "kufunga kidonda cha sukari": mama yangu amekatwa kidole

Jamani, nina hasira na sitaificha.

Mama ana miaka 61, anaishi Kayole, Nairobi, na ana sukari mwaka wa kumi na moja sasa. Kokoto liliingia kwenye kiatu chake akatembea nalo kutoka Muthurwa hadi stejini asilisikie, kwa sababu sukari imeua hisia za nyayo zake. Jioni kuvua soksi, damu. Kidonda chenyewe kidogo, kama punje ya hindi, chini ya kidole gumba.

Kuna kijana mjini, upande wa barabara ya Tom Mboya, ana spika na meza ya mikebe. Alimuuzia mikebe mitatu, shilingi 2,500 kila mmoja. Unga wa mlonge, manjano na mwarobaini, eti unafunga kidonda kwa siku 14. Pesa ningemsamehe. Nisichomsamehe ni kumwambia mama aache insulini, ati inaharibu figo. Kinachoharibu figo ni sukari ikiachwa juu!

Siku ya tisa kidonda kikatoa usaha, kikanuka. Mama akampigia. Akajibiwa: "Usiogope mama, hiyo ni sumu inatoka." Usaha! Mama akaongeza vijiko. Mimi niliambiwa wiki ya tatu, mguu umevimba hadi kifundoni, mashine ya kupima sukari inasoma 24. Akitumia dawa zake huwa 8 au 9. Kidole kikakatwa.

Na msije kuniambia nachukia miti shamba. Nyanya alitulea kwa mwarobaini. Hata metformin, kidonge cha sukari, chanzo chake ni utafiti wa mmea wa Ulaya, galega. Lakini kidonge kina kipimo. Mkebe huu hauna jina la aliyeutengeneza, hauna nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, na tarehe imeandikwa kwa kalamu. Manjano na shubiri vimejaribiwa kwenye vidonda vya sukari, ndiyo, ila sana sana kwa panya wa maabara. Kutoka kwa panya hadi mguu wa mama yangu ni mbali.

Kidonda cha sukari hukataa kupona kwa sababu mishipa imeziba na damu haifiki vizuri, kinga ya mwili imelegea, na mwenyewe anazidi kukikanyaga kwa vile hakimuumi. Nesi anayemhudumia sasa anaondoa nyama iliyokufa, anasafisha, anafunga bandeji, na amemkataza kukanyagia mguu huo. Sukari inapimwa asubuhi na jioni. Kijiko cha unga kwenye uji kingefanya lipi kati ya hayo?

Mkebe wa tatu haujafunguliwa, ninao hapa. Jumatatu naupeleka kwa Bodi. Kama wewe au mzazi wako mliambiwa muache insulini na wauzaji wa aina hii, andika hapa uliponunua na ulichoambiwa, nisiende na mkebe mmoja tu.