Kamba wa vilima vya Chwaka: nimewapanga sawa?

mwl_bamvua:
Assalaam alaykum. Bamvua ya juzi nilishuka pwani Chwaka, Unguja, na pampu yangu ya bomba la plastiki, nikanyonya kamba watatu. A na B nimewatoa kwenye vile vilima vya mchanga vyenye kishimo kileleni, katikati ya majani ya baharini. C yeye ametoka kwenye tope upande wa mikoko, tundu tupu lisilo na kilima.

A ni mweupe, laini, unauona utumbo kwa nje, na gando lake la kushoto ni kubwa kupita kiasi. B ni mweupe vilevile ila magando madogo, na shavu la kulia limevimba. C ana rangi ya tope, magando madogo, na manyoya mbele ya kichwa.

Nimeamua A ni spishi yake, B na C ni spishi moja. Mjomba anasema sote tunapoteza muda, mimi na wale kamba. Chambo ni chambo. Nimekosea wapi?

gando_tupu:
Mwalimu, gando limekuponza. Kwa hawa weupe, dume mzima hukuza gando moja, la kushoto au la kulia, upande si hoja. La jike huwa dogo zaidi. Wageuze chali utazame vitako vya miguu: jike ana matundu ya uzazi kwenye jozi ya tatu, dume kwenye ya tano.

Halafu tazama jozi ya pili ya miguu. Weupe wa jamii ya Callianassidae wana vibanio kamili hapo. Upogebia, kamba wa tope, hana, mguu unaishia ncha tu. Hicho ndicho kipimo, rangi iache.

dada_wa_maabara:
Naongezea. Zamani wote hawa walitiwa kapu moja, Thalassinidea. Mwaka 1979 Michèle de Saint Laurent aliligawa mara mbili, Axiidea na Gebiidea, na vinasaba vikaja kumuunga mkono. Kufanana kwao kumetokana na kazi ya kuchimba. Weupe wako ni Axiidea. C, kwa maelezo yako, ni Gebiidea, kundi la Upogebia. Upogebia hupunga maji ndani ya tundu na kuchuja chakula kwa manyoya ya miguu ya mbele. Wa vilima hupepeta mchanga, ndiyo maana wanautema nje.

Na tahadhari na vitabu vya zamani. Mwaka 2019 Callianassidae walipangwa upya. Yule wa chambo wa Afrika Kusini, *Callianassa kraussi*, sasa ni *Kraussillichirus kraussi*. Kwa hiyo kwa picha ya simu usitaje spishi, ishia kwenye familia. Waweke kwenye spiriti, kila mmoja chupa yake na karatasi ya penseli ndani, maana magando hudondoka na hutajua la nani. Fomalini iache kama utataka DNA.

gando_tupu:
Nimesahau uvimbe! Huo si alama ya spishi. Fungua shavu kwa sindano.

mwl_bamvua:
Nimerudi. Lenzi ya darasani, taa ya simu, na mwanangu kushika chupa. A ni dume. B ni jike, na jozi yake ya pili ina vibanio kamili, vidogo kama vya kushikia nguo kambani, sawasawa na vya A. C hana kitu hapo, ncha tupu. Basi nilikuwa nimemtenga mke na mumewe nikamuozesha jirani wa mikokoni.

Shavu la B nimelifungua. Ndani amelala mdudu bapa, amepinda upande mmoja, kama kupe aliyekaliwa.

dada_wa_maabara:
Huyo mdudu ni jike wa jamii ya Bopyridae, vimelea wa kamba. Mtafute dume, ni mdogo mno, hung'ang'ania tumboni kwake.

mwl_bamvua:
Nimemuona! Punje ya ufuta ina miguu. Mjomba kaja kuchungulia, kaondoka kimya, na pampu kaichukua.