Wauza helmeti za pikipiki acheni kutuuzia stika, mtatumaliza!

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na naomba nisiambiwe nipunguze ukali, maana hili jambo ni la roho za watu.

Nimenunua pikipiki mwezi huu, TVS HLX 125, nimechoka kusukumana kwenye mwendokasi pale Kimara mwisho kila asubuhi. Leseni ninayo, kuendesha nilifundishwa vizuri, kilichobaki ni vya kujikinga, helmeti, jaketi, glovu na viatu. Sasa nimezunguka Kariakoo, nimepita Ilala, nimeenda mpaka Mwenge, na ninachowaambia ni kwamba wengi wa wanaotuuzia hivi vitu hawauzi kinga, wanauza stika na rangi. Mtu mgeni kwenye pikipiki anauziwa mbuzi kwenye gunia na anatoka dukani anashukuru.

Tuanze na hizi helmeti za ofa. Nilikonunua pikipiki nikapewa mbili bure, jamaa anakukabidhi anatabasamu kabisa. Nilipofika nyumbani nikabandua kile kitambaa cha ndani, kinashikiliwa na vibonyezo vinne tu, nione kuna nini. Juu utosini kuna kipande cha povu jeupe gumu, lile lile linalokuja kwenye boksi la tivii, unene wake haufiki hata upana wa kidole changu cha mwisho. Pembeni kwenye masikio na kule kisogoni hamna kitu! Ni sponji ya godoro imepakwa gundi ikabandikwa kwenye plastiki. Nikalibonyeza lile gamba kwa viganja viwili kama mtu anayepima parachichi, likabonyea. Mkanda wa kidevuni umeshikwa na ribiti moja kila upande na kifungo ni cha plastiki, kile kile cha begi la shule.

Jamani helmeti sio gamba la nje peke yake. Gamba linazuia kitu chenye ncha kisipenye na linatawanya kishindo, lakini kinachookoa ubongo ni lile povu, ndo linalopondeka kichwa kikigonga, kwa hiyo kichwa kinasimama kwa kupunguza mwendo badala ya kusimama ghafla. Povu la helmeti ya maana linafika kama sentimita mbili na nusu na linazunguka kichwa chote. Ndo maana helmeti iliyopigwa chini ajalini haifai tena hata kama nje inang'aa, povu likishapondeka halirudi. Na ndo maana mi helmeti ya mtumba sigusi hata iwe ya kampuni gani, huwezi kujua ilitolewa kichwani kwa nani na katika hali gani.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta ya hela. Duka moja elfu 35, lingine elfu 60, lingine laki na 20, na zote nyuma zina stika ya DOT, ile ya kusema helmeti imefikia kiwango cha usalama. Nikamuuliza yule wa laki na 20 hii inaizidi nini ya elfu 60, akaniambia "hii nzito dada, shika uone". Nzito! Nikaikwangua stika kwa ukucha ikatoka nzima. Unajua alifanya nini? Alivuta droo, pale pale chini ya kikokotoo chake, akatoa bunda la stika akabandika nyingine mbele ya macho yangu, wala hakuona aibu. Za DOT anazo, za ECE anazo, anakuuliza unapenda ipi.

Kwa faida ya wageni wenzangu, hizi alama zina maana na tusikubali zichezewe. DOT ni ya Marekani, kiwango chao kinaitwa FMVSS 218, na kule kiwanda chenyewe ndo kinatangaza kwamba helmeti yake imefikia kiwango, serikali inakuja baadaye kununua sampuli na kuzipima, ukikutwa umedanganya kuna faini na kurudisha mzigo. Yaani DOT inasimama kwa sababu kuna mtu nyuma anafuatilia. Ukiitoa kwenye bunda la stika Kariakoo haina kazi yoyote. ECE yenyewe ni kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, ipo tangu 1972, na helmeti inapimwa maabara kwanza kabla haijaruhusiwa kuuzwa. Toleo la sasa ni 22.06, lilianza 2021, limeongeza kipimo cha helmeti kugonga kwa mshazari ikazunguka, maana barabarani ni nadra kichwa kushuka wima kama vipimo vya maabara vya zamani vilivyodhani. Alama yake halisi sio ya kubandika nje, inashonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Ni duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi, na kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Kwenye hiyo namba angalia herufi, P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga, J ni ya uso wazi, NP maana yake kile kidevu kipo tu, hakikukingi. Nimegeuza mikanda ya helmeti nyingi tu madukani kule, nyingi hazina hata uzi wa alama, na iliyokuwa nayo ilikuwa duara tupu lenye E bila namba ya nchi wala namba nyingine yoyote. Feki mpaka feki yenyewe wameshindwa kuitengeneza!

Halafu saizi. "Dada hizi zote fri saizi." Hakuna helmeti ya fri saizi duniani! Mimi nimejipima kwa tepu ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi kuzunguka mpaka kisogo pale palipotokeza, nina sentimita 55, hiyo kwa helmeti nyingi ni S. Nilikopita kote ni L na XL, na muuzaji mmoja akanishauri nivae kilemba ndani ili ijae. Kilemba! Nikamwambia kijana wa dukani nivalishe hiyo ya laki na 20, nikafunga mkanda mpaka mwisho, nikainamisha kichwa, nikamwambia sasa isukume kutoka kisogoni ije mbele. Ikatoka yote, mkanda umefungwa hivyo hivyo, akabaki nayo mkononi. Bosi wake kaniangalia akasema "kwani we unaenda kuanguka?"

Hicho kipimo kifanyeni kila duka, hakina gharama, na muuzaji akikataa ondokeni. Na ukiivaa ukaizungusha kushoto kulia, ngozi ya paji na mashavu inatakiwa iifuate, ikiteleza ni kubwa. Isikuume ila ibane mashavu, zile sponji za mashavuni zitalegea zenyewe ukishaitumia. Dada zangu mnaosuka, jaribuni mkiwa na mtindo mnaoendesha nao siku zote, maana ukinunua una rasta nene juu halafu wiki ijayo ukafumua, hiyo helmeti inacheza kichwani na hapo barabara ya Morogoro ina malori.

Na kioo, wanakulazimishia cheusi eti ndo kinapendeza. Mtu anatoka kazini saa mbili usiku utamuuziaje kioo cheusi? Vioo vya giza ni vya mchana, vyenye viwango vinaandikwa hivyo kabisa.

Kuhusu sisi wanawake ndo basi tena, nikiingia tu naonyeshwa ya pinki. Sijauliza rangi! Glovu ndogo hamna, unapewa ya kidole nusu ya mazoezi ya jimu, wakati mtu akianguka kitu cha kwanza kutanguliza ni mkono, kiganja ndo kinasagika kwenye lami. Glovu ya pikipiki inafunika vidole vyote, kiganjani ina ngozi ya pili au kitu kigumu, na kifundoni ina mkanda wa kukaza ili isivuke, kiwango chake cha Ulaya ni EN 13594. Ukiivaa na mtu akaweza kukuvua kwa kuivuta tu bila kufungua mkanda, ujue ajalini haikai.

Jaketi nalo ni vituko. Unauziwa lile koti la baridi lenye manyoya ndani, kwa joto hili la Dar, eti kinga. Au jaketi limechorwa mistari ya mashindano, kiwikoni wameweka sponji, nikaibana kwa vidole viwili vikagusana. Kinga halisi ya kiwiko, bega na goti imeandikwa juu yake EN 1621-1 na daraja la 1 au la 2, la 2 linapunguza kishindo zaidi, na ya mgongo ni EN 1621-2. Jaketi lenyewe kiwango chake ni EN 17092, la juu kabisa ni AAA, kisha AA, kisha A. Kwa hapa kwetu mi naona la nyavu ngumu lenye kinga ndani linatosha mtu wa mjini, maana koti linaloachwa nyumbani kwa sababu ya joto halimkingi mtu. Ngozi za mtumba pale Karume angalieni sana, nyingi ni za kupendezea, laini na nyembamba, zinachanika. Viatu angalau vifunike kifundo cha mguu, kamba ziingizwe ndani. Buti za saiti zinaizidi raba mbali sana.

Sasa najua watakuja watu hapa waseme bei, bodaboda atatoa wapi hela ya helmeti ya laki mbili. Nakubali hela ni ngumu. Ila mtu aliyekosa hela anastahili kuambiwa ukweli wa anachonunua. Kuna mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ya mwaka 2008 yalionyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, helmeti lakini, sio bakuli lenye stika. Bodaboda anabeba mama mjamzito, anabeba wanafunzi, anatoa elfu 35 zake alizozitolea jasho akijua amenunua uhai, na yule aliyemuuzia anajua kabisa alichoweka pale ndani. Huo ni wizi. Na ni wizi unaoishia Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, nendeni mkaone wodi zilivyo.

TBS wa viwango na FCC wa ushindani wa haki na bidhaa feki, kama mna watu humu, sioni mnashindwa nini kuingia madukani mchana na kufungua kitambaa cha ndani, ni vibonyezo vinne tu. Na waagizaji, mnaleta kontena zima la L na XL, nani aliwaambia waendesha pikipiki wa nchi hii wote wana kichwa kimoja?

Naomba mwenye kujua duka hapa Dar lenye helmeti ya ECE saizi S, alama imeshonwa kwenye mkanda na herufi P, aniambie. Nina laki mbili na nusu, naweza kusogea mpaka tatu. Glovu ya kike saizi ndogo pia. Aliyewahi kuagiza nje aseme ushuru ulimkata kiasi gani, na kama muuzaji alikubali kubadilisha saizi ilipomkataa. Wenye maduka msinifuate inbox na picha za stika.