Msaada: aina za maneno za Kiingereza, mbona neno moja linabadilika badilika?

Penseli (mleta mada):
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada, huenda wengine mkaona ni jambo dogo lakini mimi limenikwamisha.

Najiandaa na mtihani wa Kiingereza. Aina nane za maneno nimezishika: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi. Fasili zake nazitaja hata ukiniamsha usiku wa manane. Balaa linaanza nikipewa sentensi. Kitabu kimoja kinasema "fast" ni kivumishi, kingine kinasema ni kielezi. "Play" nimeikuta kitenzi, ukurasa wa pili imekuwa nomino. "Round" ndiyo usiseme, kamusi imeipa aina tano! Na tulifundishwa kwamba neno likiishia na -ly ni kielezi, sasa naambiwa "friendly" ni kivumishi.

Kuna mwenye orodha ya maneno yote na aina zake nikariri niachane nalo? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Kona:
Orodha hiyo haipo kijana, na hata ikiwepo itakupoteza. Wacha walimu waje.

ChakiNyeupe:
Mleta mada, swali la "neno hili ni la aina gani" liweke kando. Uliza "hapa limefanya kazi gani". Neno la Kiingereza likiwa peke yake mara nyingi halijaamua ni nani.

Kinachotuponza sisi ni kwamba Kiswahili kinaweka alama kwenye neno lenyewe. Ukiona "anacheza" unajua ni kitenzi, "mchezo" na "mchezaji" ni nomino, hata ukiyakuta yameandikwa ukutani bila sentensi. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na viambishi vingi, vikapukutika, na kazi kubwa ikabaki kwa mpangilio wa maneno. Ndiyo maana "they play" ni kitenzi: limefuata kiima, na ukilipeleka wakati uliopita linakuwa "played". "The play" ni nomino: limetanguliwa na "the" na linakubali wingi, "the plays".

Hiyo "round" iliyokutisha, itazame ikiwa kazini. "A round table", inaeleza meza, kivumishi. "The first round", nomino. "They round the corner", kitenzi. "They sat round the table", inaunganisha kukaa na meza, kihusishi. "He turned round", kielezi. Kamusi haikukosea, imeorodhesha kazi zake tu.

Kwa hiyo kila neno lipe majaribio. Linakubali "the" mbele yake au wingi? Elekea nomino. Linakubali wakati uliopita? Kitenzi. Linakaa vizuri kati ya "the" na nomino, au baada ya "is" na "seems"? Kivumishi. "A fast car", kivumishi. "She runs fast", linaeleza anavyokimbia, kielezi. Kielezi ndicho kinachosumbua kuliko vyote kwa sababu ni kama kapu: kinaeleza kitenzi, kivumishi, kielezi kingine na hata sentensi nzima. Ukishindwa kuliweka neno popote, mara nyingi limo humo.

Kuhusu -ly, angalia imebandikwa wapi. Ikibandikwa kwenye kivumishi kwa kawaida unapata kielezi: "quick", "quickly". Ikibandikwa kwenye nomino kwa kawaida unapata kivumishi: "friend", "friendly", "cost", "costly". Na usidhani kila kielezi kinahitaji -ly. "She works hard" ni anafanya kazi kwa bidii, "she hardly works" ni karibu hafanyi kazi kabisa. Ukibadilisha hizo mbili kwenye barua ya kumsifu mtu, umemharibia.

Nukta_Mkato:
Umefundisha vizuri mwalimu, ila hapo pa Kiswahili nakupinga kidogo. Na sisi tunayo hayo hayo. "Kucheza kunachosha", hapo "kucheza" ni nomino na imeleta upatanisho wa ku-. "Anataka kucheza mpira", ni kitenzi kina shamirisho lake. "Wazuri hawajafika", kivumishi kimekalia kiti cha nomino. Kwa hiyo mleta mada jambo hili unalijua tangu utoto, hujawahi tu kulipa jina.

ChakiNyeupe:
Nakubali, hiyo ya "kucheza" imenikaa.

Msomaji_Kimya:
Niongeze kwamba nane si namba ya kudumu. Ilitoka kwa Wagiriki. Sarufi inayohusishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 KK, ina aina nane, lakini si hizi zetu: ndani yake kuna maneno ya jamii ya "the", na hakuna kihisishi. Kilatini hakina "the", kwa hiyo Warumi waliiondoa wakaweka kihisishi. Kivumishi kwa karne nyingi kilihesabiwa kuwa tawi la nomino.

Ukikuta kitabu kinahesabu tisa usishtuke. Kimetenga vibainishi, yaani "the", "a", "this", "my" na wenzao, ambavyo wengine wanavitia kwenye vivumishi. Mimi naona kuvitenga ni sahihi zaidi, huwezi kusema "very my" wala "the this book". Ila kwenye mtihani fuata mtaala wako, usiende kubishana na msahihishaji.

Penseli:
Asanteni sana wakuu, naanza kuona mwanga. Bado mawili: "after" naikuta kihusishi na kiunganishi, na "running" sijui niiweke wapi.

Nukta_Mkato:
"After" angalia kinachofuata. Ikifuatwa na nomino tupu, "after lunch", kihusishi. Ikifuatwa na kishazi chenye kiima na kitenzi chake, "after she left", kiunganishi. Isipofuatwa na kitu, "soon after", kielezi. "Before" na "since" zipime hivyo hivyo.

"Running" ipime kwa kazi. "Running is tiring", nomino, sawasawa na ile "kucheza kunachosha". "She is running", sehemu ya kitenzi. "Running water", linaeleza maji, kazi ya kivumishi.

Tahadhari nyingine: vitenzi vishirikishi, yaani vile vinavyounganisha kiima na hali yake, kama "is" na "seems"; "look" nayo huweza kufanya kazi hiyo. "She looked angry" inaeleza hali yake, kwa hiyo kivumishi. "She looked angrily at him" inaeleza alivyotazama, kielezi. Hapo ndipo watunzi wa mitihani wanapopenda kutega.

ChakiNyeupe:
Haya Penseli, jaribu hii: "Well, the well is not well dug."

Penseli:
Ya kwanza kihisishi, imekatwa na mkato na haijashikana na kitu. Ya pili nomino, ina "the". Ya tatu kielezi, inaeleza "dug".

ChakiNyeupe:
Zote tatu sawa. Na "I am well"?

Penseli:
Imekuja baada ya "am" na inaeleza hali yangu. Kivumishi.