Dari ya boti ya faiba: vinaili mpya, rangi tupu au plaiwudi?

Mwana_Mtwapa:
Salaam wadau. Nimepata boti ya matanga, Westerly Centaur ya mwaka 1974, futi 26, mwenyewe alikuwa ameiacha miaka mingi. Sasa iko uani kwangu, imesimama juu ya mikuku yake miwili (yale mapezi ya chini ya tumbo la boti). Nje ni nzima kuliko nilivyotarajia. Kazi iko ndani: vinaili ya dari imening'inia kama nguo kwenye kamba, na sponji ya nyuma yake imegeuka unga wa kahawia unaonata kila unapogusa. Makochi tutayazungumza siku nyingine, nataka kuamua dari na kuta za ndani kwanza. Fundi mmoja ananiambia nibandike vinaili ile ile, mpya. Mwingine anasema nikwangue nipake rangi basi. Mimi moyo wangu uko kwenye vipande vya plaiwudi vya kufungua na kufunga. Bajeti ni ya mwalimu, kazi nafanya mwenyewe jioni na wikendi. Mngefanya lipi?

Fundi_Pangani:
Kaka, vinaili achana nayo. Vinaili yenyewe haiozi, kinachokufa ni sponji, tena kwa joto na unyevu, na sisi tumejaaliwa vyote viwili. Panda ndani saa saba mchana wakati wa kaskazi, milango imefungwa, uguse dari. Gundi ya kubandikia inalainika pale pale. Boti hizi zilijengwa Uingereza kwa ajili ya maji ya baridi, na hata huko dari zake zinajulikana kwa kuanguka. Ukibandika leo, utarudi kubandua.

Bint_Kilifi:
Mimi nimelala kwenye boti ya rangi tupu na ndiyo ningeichagua tena. Sitaha ikivuja unaona tone siku hiyo hiyo, na nati za mabano ya juu ziko wazi, unakaza bila kubomoa kitu. Ila usidanganyike kuwa ndiyo njia ya mkato! Ukishatoa sponji kwa brashi ya waya (vaa barakoa ya maana, si kitambaa) utakuta faiba ya ndani ina mikunjo na vinundu, haikutengenezwa ionekane. Kuilainisha kwa fila huku mikono iko juu ya kichwa ni adhabu. Mimi niliacha vinundu, nikapaka nyeupe isiyong'aa, macho yakazoea. Kabla ya rangi osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, mara mbili. Chumvi ikibaki inavuta unyevu na rangi inafanya malengelenge.

Fundi_Pangani:
Dada umesema vyema, lakini umeficha joto. Faiba iliyopakwa rangi tu inakushushia jua lote kichwani. Kipande cha plaiwudi kikiachiwa nafasi ya hewa juu yake, kwa ndani unasikia tofauti.

Bint_Kilifi:
Sijaficha, mchana nakaa nje chini ya turubai kama watu wote wenye akili 😀

Mzee_wa_Tezi:
Vijana, mnagombania dari na hamjaangalia chini. Mwanangu Mtwapa, Centaur ina ugonjwa wake unaojulikana: pale mikuku inapoungana na tumbo la boti, faiba huchezacheza na kupasuka, hasa kwa boti iliyozoea kukaa mchangani maji yakipwa. Dawa yake ni kuongeza mataruma (mbavu za kuimarisha) ya faiba kwa ndani, chini ya sakafu. Sasa ukishapamba chumba halafu ukagundua nyufa, utavunja ulichojenga. Fungua sakafu zote, kausha ngama (maji yanayotuama chini ya sakafu), piga tochi kila kona. Ukiona nyufa zinazofuata mstari wa mkuku, pesa ya dari ihamie huko. Sisi kwenye majahazi hatukuwa na dari, tulikuwa na sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao na tulilala vizuri.

Bint_Kilifi:
Mzee, shikamoo. Ya mikuku umesema kweli tupu. Ya sifa, na mtu alale humo ndani madirisha yamefungwa?

Mzee_wa_Tezi:
Marahaba. Pua huzoea.

Kaskazi_Dar:
Kama ni plaiwudi, shida iko dukani. Utaambiwa "hii ni ya marini", yaani ya kustahimili maji ya bahari, kumbe ni ya kawaida iliyopakwa rangi nyekundu ukingoni. Mhuri wa BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti) unaweza kuchapwa na yeyote. Omba kipande, kichemshe sufuriani saa kadhaa, kikaushe, chemsha tena. Matabaka yakiachana, rudisha. Tazama pia ukingo: ukiona mashimo kati ya matabaka, maji yatapata njia. Kwa dari milimita 4 zinatosha, inapinda na mviringo wa sitaha bila kulazimishwa. Ubao wa futi 8 kwa 4 haupiti mlangoni, kwa hiyo chukua maboksi ya friji, kata mfano ndani ya boti, kisha kata plaiwudi chini mwembeni.

Mwana_Mtwapa:
Na fito za kushikilia hivyo vipande? Siwezi kutoboa sitaha.

Fundi_Pangani:
Usitoboe kabisa. Fito za mkangazi au mninga, nyembamba, zibandike juu kwa epoksi (gundi ya sehemu mbili) iliyochanganywa na unga wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, kisha zisukume kwa vijiti kutoka sakafuni hadi kesho yake. Kwangua faiba kwanza hadi itakate, gundi haishiki unga wa sponji. Changanya epoksi asubuhi mapema, kidogo kidogo, uimwage kwenye sinia pana. Ikikaa nyingi kwenye kikombe, kwa joto letu inachemka yenyewe na kutoa moshi. Pima kwa uwiano wa kopo lako, usiongeze kigumu (ile sehemu ya kugandisha) ukidhani itakauka haraka. Vipande vyenyewe paka epoksi pande zote na ukingoni zaidi, halafu funga kwa skrubu za stenlesi zenye washa (vile vipete vya chini ya kichwa cha skrubu). Skrubu ya chuma italia kutu kwenye rangi nyeupe kabla ya masika kwisha.

Kaskazi_Dar:
Na pale unapoziba mavujo usipake silikoni ya bafuni. Rangi haitashika hapo tena.

Mwana_Mtwapa:
Nimefungua sakafu leo. Mkuku wa kushoto una ufa mfupi upande wa omo (mbele), wa kulia sijauona. Kwa hiyo Mzee ameshinda, mataruma kwanza. Baadaye chumba cha mbele na makabati nitapaka rangi tu kama Bint_Kilifi, chumba cha kati nitaweka plaiwudi kwa sababu ndiko tutakaa. Nimeshaagiza mninga wa fito.

Kaskazi_Dar:
Mikuku imekaa juu ya udongo mtupu?

Mwana_Mtwapa:
Ndiyo, nimetandika mbao tu.

Kaskazi_Dar:
Zitoe leo. Weka matofali ya saruji, umwage dawa ya mchwa kuzunguka. Kwa ile njia ya mbao watakuwa kwenye makabati yako kabla hujakausha ngama.