Majirani Nkuhungu, Dodoma: pesa ya matunzo ya mtoto

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Kuna mama hapa mtaani, baba mtoto aliambiwa atoe 80,000 kila mwezi. Miezi minne sasa kimya. Afungue kesi upya?

Bi Rehema: Marahaba mwanangu. Aliambiwa na nani, ofisi ya ustawi wa jamii au mahakama?

Mama Neema: Ustawi. Waliandikishana, wakasaini wote wawili.

Bi Rehema: Tatizo liko hapo. Yale ni makubaliano, siyo amri. Afisa ustawi hana mamlaka ya kukata mshahara wa mtu. Aende Mahakama ya Watoto aombe amri ya matunzo chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Abebe cheti cha kuzaliwa na ile karatasi ya ustawi, inaonyesha baba alishakubali mtoto na kiasi.

Kaka Yohana: Aandike na hesabu. Sare, madaftari, daladala, unga, dawa, kila kitu na bei yake. Hakimu anapima kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Ukisema tu "anipe ya kutosha" hujasema kitu 😅

Mama Neema: Akipata amri, jamaa akagoma tena?

Bi Rehema: Anarudi mahakama ileile na maombi ya kukaza hukumu, yaani amri itekelezwe kwa nguvu. Nakala ya amri yenye muhuri, na orodha ya miezi ambayo haijalipwa. Pesa ipitie kwenye simu jamani! Taarifa ya miamala inamaliza ule ubishi wa "nilimpa mkononi".

Kaka Yohana: Mwajiriwa ni rahisi, amri inaenda kwa mwajiri anakatwa hukohuko. Kazi ipo kwa bodaboda. Dalali wa mahakama, yule anayekamata mali kwa amri ya mahakama, akikamata pikipiki ambayo kadi ya usajili ina jina la tajiri mwenye pikipiki, tajiri analeta pingamizi na pikipiki inarudi. Chunguzeni kadi kwanza.

Mama Neema: Si afungwe tu?

Bi Rehema: Kuomba awe mfungwa wa madai, yaani afungwe kwa deni, inawezekana, ila anayeomba ndiye anayelipia chakula chake huko ndani. Na akiwa ndani haingizi hata mia. Mimi naiweka mwisho kabisa.

Kaka Yohana: Mama asimnyime baba kumuona mtoto kwa hasira, hayo ni mambo mawili tofauti. Na baba naye kipato kikishuka aombe amri ibadilishwe, siyo kuzima simu.

Mama Neema: Hela ya wakili naye hana.

Bi Rehema: Si lazima. Kwa asiye na uwezo msaada wa kisheria ni bure, ipo Sheria ya 2017. Aulize ofisi ya maendeleo ya jamii pale jiji, wao wanawajua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.