Naomba ushauri: fundi wa fensi na bustani, Uyole Mbeya

Habari zenu wakuu, nina nyumba huku Uyole, ndani imeshaisha ila nje kuko wazi, ng'ombe na mbuzi wanapita wanavyotaka na mahindi niliyopanda pembeni wameyamaliza. Nataka kuzungushia seng'enge na nguzo za miti halafu ndani niweke ukoka na maua kidogo.

Fundi wa kwanza nilimpa kianzio zaidi ya nusu ya hela yote, akachimba mashimo kama futi moja tu, nguzo mbichi za milingoti akazisimika hivyo hivyo bila dawa wala oili chafu, siku ya tatu simu haipatikani. Mvua zilipochanganya nguzo zikalala, zilizobaki mchwa wanazila. Iliniuma kweli, ile hela niliidunduliza kwenye viazi.

Sasa naogopa kuumia tena. Huwa mnawalipa kwa mita au kwa siku? Na vifaa ninunue mwenyewe Mwanjelwa au nimwachie fundi? Mimi naona bora ninunue mwenyewe. Halafu kiwanja kina mteremko, nianze na matuta ya kuzuia maji au fensi kwanza, maana Novemba ikifika mvua ndo hizo mpaka Aprili. Jirani ananiambia niachane na nguzo nipande michongoma, ila naona itachukua miaka kufunga.

Kama kuna fundi alishakufanyia kazi na unaweza kunionyesha hiyo kazi nikaiona kwa macho, tafadhali nicheki inbox.