Mjadala: Ni halali mtunzi kuwapa Majimaji ushindi?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha kusoma kilizozana mpaka chai ikapoa kwenye vikombe. Tuko kumi na wawili hivi, tunakutana barazani kwa mmoja wetu, na kila mwezi mtu analeta kitu cha kusomwa. Safari hii kijana mmoja alileta hadithi yake mwenyewe, kurasa 14 za kutoa kopi, zimebanwa pini kwenye kona.

Hadithi ni ya Vita ya Majimaji, watu wa kusini walipopigana na Wajerumani wakiwa wamekunywa dawa ya maji, wakiamini risasi zitageuka maji. Inaanzia Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905. Wapogoro na Wambunga wanalivamia boma la Wajerumani, kama ilivyokuwa kweli. Halafu bombomu ya bomani, ile bunduki ya rashasha, inakwama, na risasi za bunduki nyingine zinageuka maji. Si kwa mafumbo, matone kabisa. Askari mmoja anajipangusa uso kisha analamba kidole kuonja. Boma linaanguka, na ukurasa wa mwisho Gavana von Götzen anapanda meli Dar es Salaam akiwa na sanduku moja tu mkononi.

Wengine tukapiga makofi. Mzee mmoja mstaafu, kwao Ruvuma, akavua miwani, akaiweka juu ya zile karatasi kana kwamba upepo ungezichukua. Akamuuliza kijana: "Babu yangu aliyanywa hayo maji. Sasa yeye unamwambia nini?" Hakuna aliyejibu. Ndiyo maana nimelileta hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema, msije mkasema najificha. Kuigeuza historia ndani ya riwaya ni halali. Ila hadithi ya kijana wetu iligeuza mahali pasipogeuzika. Mtunzi wa historia mbadala anaruhusiwa kusogeza figa moja, kisha atuonyeshe chungu kinainamia wapi na nani anaungua. Ukiyafanya maji yazuie risasi hujasogeza figa. Umetuambia chungu kinaweza kukaa hewani.

Karibuni.

Mwalimu wa historia, Songea

Mleta mada, mimi napinga tangu mwanzo, figa au bila figa.

Huku kila 27 Februari tunasimama kwenye makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka wazee walionyongwa mwaka 1906, zaidi ya 60. Wengi wako kwenye kaburi moja la pamoja. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, ana la kwake, na inaaminika alizikwa bila kichwa, kichwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika hapa hapa, akakaa na wajukuu wa Nduna, akaomba msamaha. Kichwa hakijarudi. Msiba huu bado matanga hayajaanuliwa, na nyie mnataka kuuchezea "ingekuwaje"?

La pili ni la darasani. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliandika kwenye mtihani kwamba Kinjikitile, mganga aliyetoa yale maji, aliongoza vita mpaka 1907, halafu akakimbilia Msumbiji. Nikamuuliza amesoma wapi. "Kwenye hadithi, mwalimu, kwenye simu." Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905! Vita ilikuwa na siku chache tu. Mahenge haijavamiwa, Wangoni hawajaingia. Ukishajua hilo ndipo unajiuliza swali la maana: watu waliendeleaje kupigana karibu miaka miwili mganga wao akiwa kaburini? Yule mtoto swali hilo hatalifikia kamwe, kwa sababu hadithi imeshamwokoa Kinjikitile.

Msomaji, Mombasa

Mwalimu, niwie radhi, nakupinga kwa heshima zote.

Mwasema kana kwamba jambo hili limeletwa juzi na simu. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, na Mwengo wa Athumani, beti zaidi ya elfu moja. Wahusu msafara wa Tabuki. Haya, yeyote aliyesoma sira, maisha ya Mtume, ajua kuwa mwaka 630 jeshi la Waislamu lilifika Tabuki, likapiga kambi, likarudi bila kupigana na Warumi. Lakini ndani ya utendi mna vita vya kutisha, panga na vichwa, na Herekali mwenyewe mfalme wa Rumi yumo. Mwengo hakusogeza figa, alijenga jiko jipya!

Na sababu iko wazi. Mwaka mmoja kabla yake, kwenye vita vya Muta, Jaafari, binamu yake Mtume, aliuawa. Utendi waanza na huzuni ya Jaafari. Kisasi ambacho historia haikukilipa, mshairi akakilipa.

Nyanya yangu alikuwa akiusoma kwa sauti, mkono mmoja umeshika ukuti wa kusukia mkeka. Akijua msafara ulirudi salama. Akijua pia kwamba kwenye utendi watu wanakatwa. Yote mawili yalikaa kichwani mwake na sikumbuki yakigombana. Kwa hiyo, mwalimu, mwanafunzi wako hakuharibiwa na hadithi. Aliipata hadithi kabla ya sira.

Mchangiaji, Unguja

Sisi vita yetu ya 1896 na Mwingereza ilikwisha kwa dakika 38. Hata chai haijachemka. Anayetaka kuandika riwaya ya Sayyid Khalid bin Barghash akishinda itabidi aandike upesi.

Utani kando. Nyie wa bara mnaweza kujadili 1905 kwa sababu wote mko upande mmoja, adui ni Mjerumani naye kesha ondoka. Jaribuni "ingekuwaje" ya Mapinduzi ya 1964 hapa kwetu. Hujafika mwisho wa sentensi mtu keshakuuliza wewe wa upande gani na babu yako alikuwa nani. Silaumu, nasema tu kwamba kuna historia zimekuwa vitabu na kuna historia bado ni majirani. Mwalimu wa Songea mimi namwelewa vizuri sana.

Mwandishi wa zile kurasa 14

Shikamooni wakubwa. Mwalimu, shikamoo. Mimi ndiye niliyeandika.

Niseme kwa nini risasi niligeuza maji. Shuleni Majimaji tulifundishwa kwa nukta. "Sababu za kushindwa": moja, silaha duni, mbili, kutokuwa na umoja, tatu, imani za kishirikina. Tuliikariri kama wimbo. Darasa zima lilicheka tulipofika kwenye maji, nami nilicheka, na bibi mzaa mama ni Mmatumbi. Nilipokua ile cheko ikanirudi. Nikataka mchana mmoja tu ambao wao si wajinga. Mzee wa Jumamosi aliponiuliza lile swali nilitaka kumjibu hivyo, ulimi ukawa mzito.

Figa la mleta mada nimelielewa. Lakini nanyi mniambie: ningesogeza lipi?

Mleta mada

Mdogo wangu, asante kwa kujitokeza. Nakujibu kwa urefu kidogo.

Unataka wasiwe wajinga. Hawakuwa, na huhitaji muujiza kulionyesha hilo. Maji yalifanya kazi, tena kazi kubwa, ila si ile ya kuzuia risasi. Watu wa makabila zaidi ya 20, wengine wakiwa wamezoea kuvamiana, waliyanywa na kujipaka dawa ile ile, wakalishika neno moja. Hongo, wale wajumbe, walitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji na dawa yao, bila simu wala karatasi, na Mjerumani hakung'amua mpaka pamba ya kulazimishwa ya Nandete iling'olewa, vita ikaanza. Hadithi yako ilipogeuza risasi kuwa maji, kazi hii yote ikafunikwa. Muujiza ukaja, watu wakabaki watazamaji.

Mafiga yapo mengi. Wazee waliohojiwa zamani walisimulia kwamba Kinjikitile aliwaambia watu wasubiri, muda bado, na Wamatumbi ndio wakachoka kusubiri. Haya, wangesubiri? Ungempa nani kazi ya kuwazuia, na kwa maneno gani, mtu aliyechapwa viboko kwenye shamba la pamba asubuhi ile ile?

Lakini figa ninalolitamani mimi ni Iringa. Wahehe walimpiga Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo mwaka 1891, na mtemi wao Mkwawa akapigana mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe. Miaka saba tu baadaye Majimaji inalipuka, na Wahehe hawaingii. Baadhi yao wakaenda vitani wakiwa upande wa Mjerumani. Andika usiku ambao hongo anafika Uhehe na kibuyu chake, amekaa mbele ya mzee aliyezika wanawe kwenye vita ya Mkwawa. Mzee akikubali, kusini yote inabadilika. Akikataa, tunarudi kwenye historia tunayoijua. Vyovyote utakavyoamua, itabidi kwanza ujue kwa nini wa kweli alikataa. Mwalimu, hapo si unapata unachokitafuta darasani?

Halafu tusijifanye hatuna mfano. Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya *Kinjeketile* mwaka 1969, na kwenye utangulizi alisema wazi kwamba mhusika wake ni wa kubuni, amemfinyanga kwa mahitaji ya sanaa. Hata jina lina irabu tofauti: wa Ngarambe ni Kinjikitile, wa jukwaani ni Kinjeketile. Yule wa jukwaani anashikwa na shaka juu ya maji yake mwenyewe, lakini akiwa mikononi mwa Wajerumani anakataa kutamka kwamba ni uongo. Amekufa vile vile, vita imeshindwa vile vile. Hussein hakugeuza tukio hata moja kubwa, aligeuza kilichokuwa kifuani mwa mtu. Nikiulizwa, ule ndio ujasiri mkubwa kuliko kuangusha boma.

Mwalimu wa historia, Songea

Kijana, marahaba. Zile nukta nami nimezifundisha, tena kwa ubao na chaki, kwa hiyo sehemu ya cheko ile ni yangu.

La Iringa limenigusa, sitakataa. Lakini nina masharti. Kila hadithi ya namna hii iwe na ukurasa nyuma unaosema kilichotokea kweli: nani alinyongwa, lini, wapi, na kwamba Wajerumani waliwakadiria waliokufa kuwa 75,000, hali mwanahistoria wetu Gwassa alifika 250,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Njaa hiyo kwenye kurasa 14 sijasikia ikitajwa. Na jina la Nduna Songea mliache mpaka kichwa chake kirudi.

Msomaji, Mombasa

Ukurasa wa nyuma? Mwalimu, Mwengo angeuandika huo, utendi ungefika Pate tu na usingetoka. Msomaji akiambiwa "haya yote si kweli" mwishoni, ahisi katapeliwa. Uwekeni mbele, basi, kama Hussein.

Mchangiaji, Unguja

Mbele, nyuma, hausomwi. Watu hupiga picha ukurasa wa katikati na kuusambaza.

Mleta mada

Mchangiaji wa Unguja ana hoja hapo, na sina jibu lake.

Niwape habari moja kisha niwaachie. Yule mzee wa Ruvuma amenipigia leo asubuhi. Nilidhani anajitoa kikundini. Akaniuliza kama kijana bado anazo zile karatasi, nikamwambia anazo. Akanyamaza kidogo, akasema mahali pale askari anapolamba kidole pameandikwa vibaya, imeandikwa maji hayana ladha. Babu yake alimwambia yalikuwa na mafuta ya mbarika ndani yake, yanakaba kooni, na chembe za mtama zinabaki kwenye meno. "Kama ataandika tena," akasema, "hilo alirekebishe. Mwambie aje nyumbani, siyo kwenye simu."